Keke ya Ami Ghalib na Vichupa Sita

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Nesi Zakiya ametangaza leo saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye baraza ya zahanati ya kisiwa chetu cha Ngumi, mbele ya mashahidi tisa, kwamba kipimo cha protini kwa wajawazito kitaanza Jumanne, na kwamba chombo kitakachotumika ni chake. Mashahidi wanane walifurahi. Wa tisa nilikuwa mimi.

Nimekasirika. Naandika sababu ili rekodi iwe kamili.

Vijiti vya kupimia vilikwisha Agosti. Mashine ya umeme ya kuzungushia vichupa imeliwa na chumvi. Imebaki njia ya zamani. Mkojo wa mama mjamzito huzungushwa kwa kasi mpaka seli na uchafu vishuke chini. Maji safi ya juu hutiwa tone la siki na kupashwa moto. Yakibaki maangavu, figo ziko salama. Yakigeuka meupe kama ute wa yai uliochemka, protini inavuja na mama yuko njiani kupata kifafa cha mimba.

Daktari Hanan wa Kismayo, msimamizi wa zahanati za visiwani, ameshasema kwa simu: mwenye chombo cha kuzungushia akilete. Atakuja Jumatatu tarehe ishirini kuchagua. Kitakachochaguliwa kitakwenda visiwa vyote, na jina la aliyekitengeneza litaandikwa kwenye barua.

Chombo cha Zakiya ni duara la karatasi ngumu lenye matundu mawili na uzi. Unavuta, linazunguka. Unalegeza, linajikunja. Watoto hufanya hivyo kwa kifungo cha shati. Anasema alijifunza Mombasa, alikolelewa ukimbizini na kusomea. Karudi miaka miwili iliyopita. Mimi nimeripoti habari za visiwa hivi redioni miaka ishirini na sita. Jina langu halijawahi kuandikwa kwenye barua yoyote isipokuwa ya kuachishwa kazi.

Dada yangu Mwanaharusi ana mimba ya miezi minane. Nimemkataza kwenda kwa Zakiya. Mtu wa nyumba yetu hapimwi kwa kichezeo. Akauliza nitampima kwa kitu gani, kwa redio?

Nitampima. Saa kumi na moja jioni nimepita karakana ya ami Ghalib, nikamwona anatoboa ubao wa mtumbwi kwa keke. Uta unakwenda, kijiti kinazunguka. Nimesimama pale dakika ishirini. Ami akauliza kama nimepotea.

Jumapili, 12 Oktoba

Ami Ghalib amekataa kuniazima keke. Kasema keke ni ya kutoboa mbao na mbao hazikojoi. Akaenda kusali adhuhuri. Nimechukua ile ya pili, ya baba yake, iliyokuwa imetundikwa ukutani haina kazi. Si wizi. Ni urithi wa pamoja.

Nimeondoa ncha ya chuma. Mahali pake nimefunga kipande cha mvule chenye mikono sita, na kila mkono kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi. Kigwe cha ngozi, kile cha uta kinachozungusha kijiti, ni kizima. Uta ni mzima. Mashine imekamilika saa tisa na robo.

Jaribio la kwanza, saa tisa na nusu, uani kwa Mwanaharusi. Maji matupu. Nimevuta uta kwa nguvu. Vichupa viwili viling'oka. Kimoja kilianguka hatua kumi na moja kutoka hapo, nje ya ua. Cha pili kiliingia kwenye sufuria ya wali.

Mwanaharusi amesema maneno ambayo sitayaandika. Kisha akasema kichwa kinamuuma tangu juzi na miguu imevimba, kandambili hazimwingii. Nimemwambia ni joto. Akasema amezaliwa kwenye joto hili miaka thelathini na moja iliyopita na kandambili zilikuwa zinamwingia. Nimemwambia wali nitalipa. Mumewe Ilyas yuko Burgao na boti yake, atarudi Ijumaa. Afadhali. Ilyas ana tabia ya kuuliza maswali mawili mfululizo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vichupa sasa havitoki, nimevikaza kwa waya. Vinavuja. Vifuniko vya dawa ya kikohozi havikutengenezwa kwa kasi hii. Nililowa mpaka kwapani.

Nimefikiri kwa utulivu. Chombo kinachokaa majini miaka thelathini hakivuji. Kwa nini? Kwa sababu kila mwanya umeshindiliwa pamba iliyoloweshwa mafuta ya papa. Kalafati. Babu zangu walikalafati majahazi yaliyofika Basra. Basi nami nimekalafati vichupa sita. Pamba, mafuta ya papa, nikashindilia kwa patasi ndogo ya ami.

Havivuji hata tone. Nimezungusha, nimepindua, nimekanyaga kimoja. Hata tone.

Ninamhurumia Zakiya. Vichupa vyake vyembamba anaviziba kwa nta ya mshumaa.

Saa kumi nimempigia Daktari Hanan. Nimemwambia Ngumi ina mashine iliyotengenezwa na mikono ya kwetu, kwa ujuzi wa kwetu. Akasema vizuri, akauliza inazunguka mara ngapi kwa dakika. Nimemwambia takwimu zinaandaliwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Wajawazito sita Ngumi nzima. Watano walipeleka mkojo zahanati asubuhi, na kila mmoja, kwa ombi langu na baada ya kusumbuliwa kidogo, akanigawia na mimi. Wa sita ni Mwanaharusi, aliyenipa mimi peke yangu.

Matokeo ya Zakiya, saa nne: watano, maji ya wote maangavu.

Matokeo yangu, saa tano na dakika ishirini: sita, maji ya wote meupe. Weupe wa kuonekana kutoka mlangoni.

Sikupoteza muda. Habari ni habari. Nimempigia Daktari Hanan nikamweleza kwamba wajawazito wote wa Ngumi wako hatarini na kwamba chombo cha zahanati hakioni chochote. Nimetumia neno mlipuko. Nakiri kwamba nilifurahi. Waume watatu waliosikia walikuja mlangoni mbio. Mmoja akaanza kutafuta boti.

Daktari akaniambia nipime maji ya kisima.

Maji ya kisima: meupe.

Akaniambia nipime mkojo wa mwanamume mzima. Ami Ghalib alikuwapo, amekuja kudai keke ya baba yake. Alikubali kwa sababu, kwa maneno yake, alitaka kuona mwisho wa jambo hili.

Mkojo wa ami Ghalib, miaka sabini na moja: mweupe.

Ami akakishika kichupa, akakitazama juani, akaniuliza ana miezi mingapi.

Walicheka mpaka walio nje. Yule aliyekuwa anatafuta boti alirudi kuuliza wanacheka nini, akaambiwa, akacheka kuliko wote. Nimefunga mlango. Nimekasirika na Zakiya, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na hakucheka. Huko kutocheka ndiko kulikoniuma zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Zakiya amekuja nyumbani kwangu saa mbili asubuhi bila kualikwa. Akaomba ruhusa. Akachukua kizibo kimoja, akakinusa, akakirudisha mezani. Akasema, "Kaka Mahmoud, haya ni mafuta ya papa. Ukitikisa mafuta na maji ukapasha moto, lazima yawe meupe. Hukupima figo za watu. Umepima papa."

Aliyasema haya kwa upole. Lakini mlango ulikuwa wazi na ami Ghalib alikuwa nje. Mpaka saa tatu karakana yote ilikuwa nayo. Ami amewaambia mafundi wake, "Mchu," yaani mtu, "hazibi chupa kama azibavyo jahazi." Mafundi wananiita Daktari wa Papa. Mwanamke mmoja kisimani aliniuliza mkewe papa anatarajia lini.

Miaka ishirini na sita nimesahihisha habari mara mbili tu. Leo nimesahihisha ya tatu, kwa mdomo, mlango kwa mlango, nyumba sita.

Ami akanitajia kosa la pili la mashine, ambalo sikumwomba. Kasema keke huenda ikarudi. Unachokituliza unakivuruga. Nimemjibu kwamba kidude cha Zakiya nacho huenda kikarudi. Zakiya akasema ni kweli, lakini chake kwa mvuto mmoja kinazunguka mara mia na zaidi, changu mara sita.

Si kweli. Nimehesabu. Mara saba.

Jioni nimeosha vichupa kwa maji ya moto na jivu, mara nne. Nimevianika. Nimevinusa. Hakuna papa. Nimekata vizibo vya mpira kutoka kandambili za Mwanaharusi, kwa kuwa hazimwingii. Zilikuwa pale pale mlangoni tangu Jumapili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimerudia kipimo. Mkojo mpya, vichupa vilivyooshwa, vizibo vya mpira. Nimevuta uta dakika arobaini, bega limekufa.

Watano: maangavu. Sawasawa na matokeo ya Zakiya, kila mmoja kwa jina lake. Mashine inafanya kazi. Naliandika hili kwa wino: mashine inafanya kazi.

Wa sita, Mwanaharusi: mweupe. Mzito, kama uji.

Nimekaa nacho mkononi muda mrefu. Nimefikiri hivi. Jumanne nilisema sita weupe, wakanicheka. Leo nikisema mmoja mweupe, watauliza papa huyu kaingia vipi tena. Na Daktari Hanan anakuja Jumatatu. Matokeo sita maangavu ni matokeo safi. Matokeo matano na moja ni maswali.

Kwa hiyo, mafuta yalibaki kwenye kichupa kimoja. Maelezo ndiyo hayo. Nimekinusa tena, sikupata harufu ya papa, lakini nina mafua kidogo. Nimemwaga. Kwenye daftari nimeandika, mbele ya jina lake: "Mweupe. Haikuhesabiwa."

Nilimkasirikia Mwanaharusi pia, kwa nini kiwe kichupa chake. Alikuwa amelala chini kwenye mkeka, kitambaa kimemfunika macho. Akauliza, "Kaka, yangu imekuwaje?" Nimemwambia iko sawa na za wenzake. Akasema anaona vimulimuli mchana. Nimemwambia ahame kutoka juani. Akasema hayuko juani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ilyas alifika kutoka Burgao saa saba na nusu, baada ya swala. Alimkuta mkewe anapapasa ukuta kutafuta mlango ulio wazi mbele yake. Hakuniuliza kitu. Alimbeba mpaka zahanati. Mimi nilifuata nyuma na daftari.

Zakiya alimpima presha: mia moja na sabini na nane, chini yake mia moja na kumi na sita. Akaweka mkojo kwenye vichupa vyake vyembamba, akavibandika kwenye karatasi yake, akavuta uzi. Niliangalia saa. Dakika tatu. Siki, moto. Ukawa yai.

Akamchoma sindano kwenye paja, na ya pili kwenye paja la pili, ili degedege isimpate njiani. Huku anamchoma akauliza, bila kugeuka, kama kuna mtu aliyempima dada huyu kabla ya leo.

Ningeweza kunyamaza. Lakini sijawahi kukataa kujibu swali la ukweli, hata nikiwa mimi ndiye ninayeulizwa. Nimesema: "Jana. Ulikuwa mweupe."

Ilyas akauliza, "Jana saa ngapi?" Nimemwambia saa nne asubuhi. Akauliza, "Na boti ya kwenda Kismayo jana iliondoka saa ngapi?" Maswali mawili mfululizo. Nimemwambia saa sita mchana.

Hakunipiga. Naandika hivyo kwa sababu watu wengine wanasema alinipiga. Alinitazama tu, akasema, "Shemeji, pisha mlango."

Maji ya bahari yalikuwa yanatoka. Boti ya Ilyas ilikaa kwenye tope, tukaisukuma wanaume kumi na wanne. Mwanaharusi amelazwa kwenye jamvi, Zakiya ameshika kichwa chake. Ilyas akavuta kamba ya kuwashia injini. Kamba ikakatika. Akatafuta nyingine, hakuna. Maji yanazidi kutoka. Mafundi wakaleta kamba ya usumba, nayo ikakatika.

Ami Ghalib ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. Kasema, "Kigwe cha keke. Ngozi ya ng'ombe. Baba alikisuka mwenyewe."

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na nne na nilikimbia. Nimekata kigwe kwenye mashine yangu kwa kisu cha jikoni, nimerudi nacho. Ilyas akakizungusha kwenye gurudumu la injini mara tatu, akavuta. Ikawaka mvuto wa kwanza.

Waliondoka saa tisa na dakika tano. Mwanaharusi alipita karibu yangu nikiwa nimesimama majini. Sijui kama aliniona. Alisema, "Kaka, umelowa." Basi kumbe aliona kidogo.

Sikula leo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Daktari Hanan amethibitisha kwa simu saa moja na dakika arobaini asubuhi: Mwanaharusi amepasuliwa jana saa mbili usiku, yu hai, macho yanarudi. Mtoto ni wa kike, kilo moja na gramu mia tisa, analia vizuri. Daktari ameongeza kwamba mgonjwa angechelewa mpaka leo, yeye angenipigia simu ya namna nyingine.

Nimekaa chini nikiwa na simu. Baadaye nimesimama.

Saa nne habari zaidi kutoka kwa Ilyas, kupitia kwa ami Ghalib, kwa kuwa Ilyas hataki kusema na mimi. Habari ya kwanza: nisikanyage mlangoni kwake mpaka atakapotaka mwenyewe. Habari ya pili: mtoto ataitwa Zakiya.

Zakiya.

Hakuna aliyeuliza kigwe ni cha nani. Kwenye baraza wanasimulia tangu asubuhi. Karatasi iliona ugonjwa. Sindano ilizuia degedege. Boti ilifika. Kigwe wanakisema kama kilichoanguka kutoka mbinguni. Nimewaambia kilitoka kwenye mashine yangu. Fundi mmoja akasema ndiyo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mashine hiyo kuzungusha kitu kikawa na faida.

Ami amekuja kuchukua keke ya baba yake. Ameishika bila kigwe, imening'inia kama mkono uliovunjika. Nilitegemea atanitukana. Kasema tu, "Dada yako mzima. Nenda kasali rakaa mbili." Nimesali. Nimesali nne.

Jumatatu, 20 Oktoba

Daktari Hanan aliwasili saa tatu kamili. Mwanamke mfupi, miwani, hana salamu ndefu. Zakiya alirudi naye kwenye boti hiyo hiyo. Wakakagua karatasi, uzi, vichupa vyembamba, mshumaa. Daktari akavuta uzi mwenyewe, akacheka kidogo, akasema alipokuwa mdogo Kismayo alikatwa kidole na kifungo cha namna hii. Uamuzi ulitolewa saa nne na robo: chombo cha Zakiya kitakwenda visiwa vyote. Barua imeandikwa. Jina lake limeandikwa bila kosa.

Mimi nilimpa daftari langu. Lina kila kitu, saa na dakika. Amelisoma lote amesimama. Ukurasa wa Alhamisi ameusoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Mahmoud, siku nyingine ukipata mmoja mweupe ambaye hukumtegemea, utafanya nini?"

Nimemwambia nitaosha vichupa vizuri zaidi.

Alinirudishia daftari. Akamwambia Zakiya jambo kwa Kisomali, kwa sauti ndogo, kana kwamba mimi si mtu wa hapa na sisikii Kisomali. Alisema, "Huyu asikaribie chupa."

Nimeghadhibika kiasi cha kushindwa kunywa chai. Nimekwenda ufukweni kutulia, nikakagua ushahidi mmoja mmoja kama nilivyofundishwa kazini. Mafuta yalikuwa kosa la papa. Mzunguko mdogo ulikuwa kosa la keke. Alhamisi lilikuwa kosa la wale waliocheka Jumanne; wasingecheka, ningetangaza. Kwangu mimi binafsi sijaona kosa.

Na nimeona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona Ijumaa, kwa sababu wote walikuwa wanatazama mgonjwa. Kigwe kilipovutwa, gurudumu la injini lilizunguka. Haliendi likarudi. Linakwenda tu. Daktari alitaka mizunguko kwa dakika. Injini ya Ilyas ina elfu tano. Vichupa sita vinaenea juu ya gurudumu bila taabu, nilikadiria kwa macho siku ile.

Ilyas anafika Jumatano jioni kuchukua nguo za mkewe na za mtoto. Atarudi Kismayo Alhamisi saa sita mchana. Asubuhi atakuwa nyumbani anafunga mizigo, na boti itakuwa ufukweni haina mtu.

Tatizo lililobaki ni vizibo. Kandambili zimekwisha, na kwa kasi hiyo mpira utaruka. Imebidi nirudi kwenye pamba.

Jaribio la kwanza: Alhamisi, 23 Oktoba, saa mbili asubuhi. Safari hii nitatumia mafuta ya nazi.